Ada ya Kadi na Safari ya Puge

Hakuna kadi ya mkopo inayokufikisha Puge, mkoani Tabora. Ndege iliyolipiwa kwa pointi za kadi itakushusha Dar es Salaam, Kilimanjaro au Zanzibar. Kuanzia hapo ni mfuko wako. Ukiwa Dar utapanda treni ya umeme hadi Dodoma, ambayo imekuwa ikibeba abiria tangu 2024, kisha basi kupitia Singida na Igunga mpaka Nzega, halafu ile lami ya Nzega–Tabora ambayo Puge iko katikati yake. Ni zaidi ya kilomita 900 kutoka pwani. Mwenye haraka atapanda Air Tanzania hadi Tabora mjini na kurudi na gari kuelekea kaskazini. Air Tanzania nayo haimo katika miungano mitatu mikubwa ya mashirika ya ndege duniani, kwa hiyo kipande hicho utakilipia taslimu, hata ukiwa na pointi milioni.

Naanzia kijijini kwa makusudi. Matangazo ya kadi huanzia kwenye ndege na launji za uwanjani, na mtu akianzia huko atashawishika kulipa ada ya mwaka kwa safari ambayo hataifanya. Sisi tuliotoka Tabora, Nzega na Igunga, tulioko Marekani na Uingereza, tunaijua safari yetu. Wengi wetu huenda nyumbani mara moja kwa mwaka au kila baada ya miaka miwili, mara nyingi Desemba, familia nzima, kila mtu na mabegi yake. Tena iko safari nyingine isiyopangwa, ya msiba. Kadi ipimwe kwa safari hizo mbili.

Wazee wetu walikuwa mabingwa wa hesabu ya namna hii. Misafara iliyotoka Bagamoyo kuja Tabora katika karne ya 19 ilikopa na kutozwa. Mfanyabiashara alichukua bidhaa kwa mkopo Unguja, kwa matajiri kama Taria Topan aliyemkopesha mfanyabiashara Tippu Tip, na njiani alilipa hongo, yaani ushuru wa kupita, kwa watemi, hasa Ugogo, kwa nguo na shanga, kabla hajaona pembe ya ndovu hata moja. Kiongozi wa msafara aliyeshindwa kukadiria hongo na posho ya wapagazi wake Wanyamwezi alirudi pwani na deni. Ada ya kadi ni hongo ya aina hiyo: unailipa mwanzoni, faida unaitafuta baadaye.

Kabla ya ada liko jambo kubwa zaidi, nalo ni riba. Riba ya kadi Marekani kwa sasa kwa kawaida imezidi asilimia 20 kwa mwaka. Ukibaki na deni la dola 2,000 kwa mwaka mzima kwa riba ya asilimia 22, umelipa dola 440 hivi. Hakuna pointi zitakazofidia hasara hiyo. Ndugu ambaye halipi salio lote kila mwezi asitafute kadi ya safari kabisa. Atafute kadi yenye riba ndogo, alimalize deni, ndege zitamsubiri. Nalisema hili bila kumung'unya maneno kwa sababu nimeona watu wazuri, wachapakazi wa zamu za usiku, wakiburuzwa na deni lililoanza kwa tamaa ya bonasi ya kujiunga na kadi.

Sasa tuseme wewe unalipa yote kila mwezi. Familia yako inatumia dola 1,500 kwa mwezi kwa chakula, mafuta ya gari, simu na mengineyo, yaani dola 18,000 kwa mwaka. Kadi ya Capital One Venture ina ada ya dola 95 na hutoa maili 2 kwa kila dola. Utapata maili 36,000. Ukizitumia kwa thamani ya senti moja kila maili, ni dola 360. Toa ada, unabaki na 265. Jirani yako mwenye kadi isiyo na ada inayorudisha asilimia 2 taslimu, kama Wells Fargo Active Cash au Citi Double Cash, kwa matumizi yaleyale ana dola 360 mkononi. Amekushinda, na pesa yake inaweza kulipa basi la kwenda Nzega, ada ya shule ya mtoto wa shangazi, au bati za nyumba.

Ili ada ya 95 ijilipe mbele ya kadi hiyo ya bure, kila maili yako lazima izae karibu senti 1.3. Inawezekana. Capital One huruhusu kuhamisha maili kwenda kwenye programu za mashirika ya ndege, zikiwemo Flying Blue ya KLM na Air France na Miles&Smiles ya Turkish Airlines, na mashirika yote mawili, KLM na Turkish, hufika Dar es Salaam na Kilimanjaro. Tuseme tiketi ya dola 1,600 inauzwa kwa maili 70,000 pamoja na kodi za dola 250. Maili zimekuokolea dola 1,350, yaani senti 1.9 kila moja. Hapo ada imejilipa. Lakini fanya hesabu hiyo kwa tarehe zako halisi. Viti vya pointi vya kwenda Dar katikati ya Desemba ni haba, na programu nyingi sasa hupandisha bei ya maili kadiri bei ya tiketi inavyopanda. Mwenye uwezo wa kusafiri Februari au Machi atafaidi zaidi kuliko anayefungwa na likizo ya shule za watoto.

Kwa sababu hiyo napendelea pointi za benki zinazohamishika kuliko maili za kadi ya shirika moja la ndege. Pointi za Chase, Amex, Citi na Capital One zinakaa kwenye benki mpaka uone kiti, halafu ndipo unazihamisha. Ukishahamisha hazirudi. Usihamishe kwa kubahatisha.

Na hapa ndipo pointi zinapopata maana kwetu. Simu ya msiba ikija, tiketi ya kesho inaweza kuwa ghali maradufu, na jumuiya huanza kuchangishana usiku kucha. Mwenye pointi za benki anaweza kukagua mashirika matatu au manne kwa saa moja na kupata kiti kwa maili na kodi kidogo. Si hakika, na bei ya maili nayo inaweza kupanda, lakini ni mlango mmoja zaidi. Tiketi nyingi za maili pia zinaweza kufutwa kwa tozo ndogo na maili zikarudishwa, jambo ambalo tiketi ya bei ya chini ya taslimu mara nyingi hailiruhusu. Mtu mwenye mzazi mgonjwa Puge ana sababu nzuri ya kuweka akiba ya pointi na kulipa dola 95 kwa mwaka kwa ajili hiyo tu. Hiyo ni ada ninayoitetea.

Kadi ghali ni mjadala mwingine. Juni 2025 ada ya Chase Sapphire Reserve ilipanda hadi dola 795, na Septemba mwaka huohuo Amex Platinum ilifika 895. Benki husema utarudishiwa zaidi ya hapo kupitia marejesho mbalimbali. Yatazame marejesho hayo kwa karibu. Dola 200 za Uber za Amex Platinum hutolewa kwa vipande, dola 15 kila mwezi na nyongeza Desemba, kwa safari na vyakula vinavyoagizwa ndani ya Marekani tu. Mwezi ukipita hujatumia, zimepotea. Mwezi ule unapokuwa nyumbani ukila michembe na karanga, Uber yako haikusaidii. Launji utaiingia ukienda na ukirudi. Kwa familia inayosafiri mara moja kwa mwaka, sioni hesabu hiyo ikikubali.

Venture X ya Capital One, yenye ada ya dola 395, ni tofauti kidogo. Hutoa dola 300 kila mwaka kwa tiketi au hoteli zinazonunuliwa kwenye tovuti ya usafiri ya benki hiyo, na maili 10,000 kila mwaka unapotimia. Anayenunua tiketi ya Dar kila mwaka atazitumia dola 300 bila kujilazimisha, na maili 10,000 zinafidia dola 95 zilizobaki. Asiyesafiri kila mwaka anapoteza. Linganisha pia bei ya tovuti hiyo na ya shirika lenyewe. Ikizidi kwa dola 80, marejesho yako yamepungua kwa dola 80.

Iko faida moja isiyotangazwa sana: bima. Ukinunua tiketi kwa Chase Sapphire Preferred, yenye ada ya dola 95, ndege ikichelewa zaidi ya saa 12 unaweza kudai malazi na chakula hadi dola 500 kwa kila tiketi. Anayekwama Doha au Addis Ababa akiwa na watoto ataikumbuka. Tunza risiti.

Jihadhari na kutuma pesa nyumbani kwa kadi ya mkopo. Kampuni nyingi za kutuma pesa hupokea kadi hizo, na mtu huona ni njia ya kuvuna pointi. Benki yako inaweza kulihesabu hilo kama mkopo wa fedha taslimu: tozo, mara nyingi ya asilimia 5, riba inayoanza siku hiyohiyo, na pointi sifuri. Kwa dola 500 umepoteza 25 kabla mama hajapata ujumbe wa M-Pesa. Tumia akaunti ya benki. Na ukifika, Puge ni mahali pa pesa taslimu na pesa za simu, kwa hiyo kadi isiyotoza matumizi ya nje itakufaa hotelini Dar, sokoni haina kazi.

Kwa wenzetu wa Uingereza mavuno ni madogo. Ulaya iliweka ukomo wa asilimia 0.3 kwa makato ambayo benki za kadi za mkopo hupata kwa mfanyabiashara, kwa kanuni ya 2015, na Uingereza imebaki nao kwa kadi zake za Visa na Mastercard. Pointi hulipwa kutokana na makato hayo. British Airways iliacha kuruka Dar mwaka 2013, lakini Avios zake huhamishika kwenda Qatar Airways, ambayo inafika Dar na Kilimanjaro. Kumbuka kodi ya abiria wa ndege hulipwa hata kwa tiketi ya pointi: katika mwaka ulioanza Aprili 2025 ilikuwa paundi 90 kwa mtu mzima wa daraja la kawaida kwenda Tanzania.

Mwaka wa kwanza bonasi ya kujiunga hufunika kila kitu. Swali ni mwaka wa pili. Mwezi mmoja kabla ada haijakatwa, jumlisha ulichopata kweli, si ulichoahidiwa. Kikipungua, piga simu benki uombe kushushwa hadi kadi yao isiyo na ada badala ya kufunga akaunti, ili historia yako ya mkopo isikatike. Ukiamua kufunga, hamisha au tumia pointi kwanza: zilizo kwenye benki mara nyingi hufa na akaunti, zilizokwisha kuingia kwenye programu ya ndege hubaki zako kwa masharti ya programu hiyo.