Dhahabu ni kongwe kuliko dunia

Dhahabu inayochimbwa Geita, kaskazini-magharibi mwa Tanzania, haikuumbwa duniani. Ilikuwapo kabla ya dunia yenyewe.

Ulimwengu ulipoanza, miaka ipatayo bilioni 13.8 iliyopita, ulikuwa na haidrojeni, heli na lithiamu kidogo sana. Elementi nyingine karibu zote zilipikwa baadaye na nyota. Kupikwa si neno la mzaha: kazi hiyo hudai joto la mamilioni ya nyuzi. Katikati ya nyota kubwa, haidrojeni huungana ikawa heli, heli ikawa kaboni, hadi kufikia chuma. Hapo tanuri huzimika, kwani kuunganisha chuma hakutoi nishati bali huila. Nyota huporomoka, hulipuka na kutawanya elementi zake, nazo nyota changa huzirithi. Ndiyo maana nyota kongwe za galaksi yetu zina chuma kidogo mno kuliko Jua.

Na dhahabu? Tarehe 17 Agosti 2017, mitambo ya LIGO nchini Marekani, ikisaidiwa na Virgo ya Italia, ilinasa mawimbi ya mvutano kutoka nyota mbili za nyutroni, masalia ya nyota zilizokwisha kulipuka, zilizogongana umbali wa miaka ya nuru milioni 130 hivi. Mwanga uliofuata ulionyesha dalili za elementi nzito.

Hata hivyo, migongano hiyo kwa kawaida hukawia, ilhali baadhi ya nyota kongwe tayari zina elementi hizo. Mwaka 2025 watafiti waliochambua upya mlipuko wa Desemba 2004 wa nyota yenye usumaku mkali ajabu walikadiria kuwa milipuko ya aina hiyo huenda ilichangia hadi asilimia 10.