Injekta za dizeli na joto la njia ya Riyadh–Jeddah



Kijana mmoja wa kwetu anayeendesha lori baina ya Riyadh na Jeddah alinipigia simu. Injekta zimekufa, mwenye lori anasema dereva katia dizeli mbovu, na gharama zote atamkata kwenye mshahara. Akaniuliza: "Ami, wewe umesomea mambo haya, joto peke yake haliwezi kuua injekta?" Linaweza, na nataka nieleze vipi, maana si yeye peke yake anayekatwa mshahara kwa jambo hili.

Siku hizi pampu inajaza mafuta kwenye reli moja, na hapo kila injekta inachukua yake. Denso waliutia mfumo huu kwenye malori ya Kijapani mwaka 1995, Bosch wakafuata na magari madogo 1997. Presha ndani ya reli hufika mara 2,000 ya hewa tunayovuta, na nyengine zinapita hapo. Tairi la lori lina kama 8 tu! Matundu ya injekta yana upana wa sehemu moja au mbili za kumi ya milimita, na mafuta hutoka kwa kasi ya zaidi ya mita 500 kwa sekunde, yaani yanaishinda sauti hewani. Kwa kasi hiyo presha mlangoni mwa tundu huanguka mpaka mafuta yanafanya viputo, na viputo vikipasuka karibu na chuma vinakila kidogo kidogo.

Lakini joto linatoka wapi? Wengi husema ni la injini, na kweli ncha imo ndani ya silinda. Ila si mafuta yote yanaingia silinda. Mengine huamrisha sindano ifunguke, kisha hurudi tangini. Haya yameachia presha yote bila kusukuma kitu, na nguvu ile haipotei, inageuka joto. Ukipiga hesabu, kushuka kutoka 2,000 hadi presha ya kawaida kunayaongezea kama digrii 80.

Sasa tia Riyadh ya Julai, ambako mchana hupita digrii 45 kivulini. Lori limebeba mzigo, linapanda kuelekea Taif, na tangi limebaki robo. Mafuta yale yale machache yanazunguka, yanarudi ya moto, yanakwenda tena. Dizeli ikitoka digrii 40 kufika 100, uzito wake wa kutiririka hupungua zaidi ya nusu. Inakuwa nyepesi kama maji, haikingi chuma kisisuguane, na inavuja zaidi kwenye nafasi za mikroni chache zilizomo ndani ya injekta. Ikivuja zaidi, joto linazidi. Duara hilo.

Kwa hiyo tangi likiwa nusu au zaidi, injekta zinapumua. Si mila ya madereva wazee tu, ni fizikia.

Kuhusu nani alaumiwe, fundi asikisie. Afunge chupa ndogo kwenye mrija wa kurudi wa kila injekta, injini iungurume dakika chache, alinganishe. Ikiwa moja imejaa na nyengine zina kidogo, hiyo moja ndiyo mbovu. Zote zikivuja sawasawa, tazama umri wa injekta, kisha mafuta, na hapo sampuli ya tangi ipimwe kabla mtu hajakatwa riyali moja. Na dereva aweke risiti za kila kituo.

Wanaopeleka malori Mombasa au Dar wajue kuwa mafuta ya taa yakichanganywa na dizeli yanaleta ugonjwa ule ule, hata kwenye baridi, kwani nayo ni mepesi na hayalainishi. Ndiyo maana Tanzania ilianza kutia alama kwenye mafuta 2010, na Kenya ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa 2018.