Watunza Vitabu Nao Wana Kicheko Chao

Kila kazi ina wimbo wake. Wavuvi huimba wakivuta nyavu, akina mama huimba wakitwanga, vijana huimba wakilima kwa ujima. Hata mwindaji aliyekosa mnyama hurudi nyumbani na hadithi ya kuchekesha, ili mkewe asahau kumwuliza nyama iko wapi. Lakini je, umepata kusikia wimbo wa mtunza vitabu? Kazi yake ni ya kimya. Hupanga, huandika, hupangusa vumbi, hungoja. Jioni hana gunia la kuonyesha, wala samaki, wala ukuta uliopanda. Ndiyo maana wengi hudhani kwamba hiyo si kazi, ni kukaa kivulini tu.

Mimi ni karani wa parokia, na pamoja na daftari za ubatizo na za ndoa nimekabidhiwa ufunguo wa kabati la vitabu. Kwa hiyo nilifurahi sana niliposoma jinsi watunza vitabu wa nchi nyingine wanavyojisifu kwa kazi yao na kujicheka papo hapo. Nitakusimulia machache. Kisha nitaungama jambo langu mwenyewe, maana katika kicheko chao niliuona uso wangu kama katika kioo.

Kidole mdomoni

Katika mji wa Seattle, nchini Marekani, mama mmoja aitwaye Nancy Pearl alifanya kazi ya maktaba. Mwaka 1998 yeye na wenzake walijiuliza neno jepesi: ingekuwaje kama watu wa mji mzima wangesoma kitabu kimoja, kisha wakakaa pamoja kukizungumza? Wakajaribu, na miji mingine mingi ikawaiga.

Basi, mwaka 2003 kampuni moja ya vitu vya kuchezea ikatoa sanamu ndogo ya mama huyo, amevaa miwani yake. Ukibonyeza kitufe, mkono wa sanamu huinuka na kidole huenda mdomoni: Sss! Kimya! Baadhi ya watunza maktaba walikasirika. Walisema, sisi twatafuta, twafundisha, twasaidia wasiojua. Mbona twaonyeshwa kama watu wa kunyamazisha watoto tu? Lakini wengine walicheka, wakainunua, wakaisimamisha juu ya meza zao za kazi. Mama Pearl mwenyewe alicheka pamoja nao. Alijua kwamba aliyeufanya mji mzima usome haogopi mwanasesere.

Wenzake hawakuishia hapo. Katika miaka ya 2000, kwenye mkutano wao mkuu wa kila mwaka, watunza maktaba wa Marekani walianza mashindano ya kupiga kwata. Si kwa bunduki, hasha! Ni kwa vile vikokoteni vidogo vya kubebea vitabu. Kila kikundi kilipamba vikokoteni vyake, kikavaa mavazi ya namna moja, kikaingia kwa muziki, kikageuka kulia, kikageuka kushoto, watu wakapishana bila kugongana, na waamuzi wakatoa zawadi. Fikiri, msomaji: watu wazima wenye shahada, wanasukuma vikokoteni kama askari siku ya sikukuu! Lakini ukitazama vizuri, waona kwamba wanasema neno la kweli: chombo hiki tunachokisukuma kila siku bila kutazamwa na mtu, leo kitazameni.

Deni la mkubwa

Tena, watunza vitabu wana silaha moja inayoogopwa na wote, nayo ni daftari. Daftari halisahau. Mwaka 1789 George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, alikuwa akikaa New York. Daftari la maktaba moja ya mji huo, iitwayo New York Society Library, linaonyesha kwamba mwezi wa Oktoba vitabu viwili viliazimwa kwa jina lake, kimoja kikihusu sheria za mataifa. Havikuandikwa kuwa vimerudi. Mji mkuu ukapewa jina lake, Rais akamaliza kazi yake, akafa, akajengewa minara, na daftari likaendelea kumdai kimya kimya.

Mwaka 2010 habari hiyo ikajulikana kwa watu wote. Wale wanaotunza nyumba yake ya Mount Vernon wakaona haya, wakatafuta nakala nyingine ya kitabu kile cha sheria, wakaipeleka maktabani. Zaidi ya miaka 220 ilikuwa imepita! Faini ingehesabiwa ingekuwa fedha nyingi mno, lakini maktaba haikuidai. Walipokea kitabu, wakacheka, wakafurahi. Wewe uliyechukua kitabu cha parokia mwezi wa Pasaka ukakiweka chini ya godoro, usikate tamaa. Njia ya kutubu ipo bado.

Mlinzi wa kitabu na adui wa msomaji

Hayo ni ya kufurahisha. Linalofuata ndilo lililonichoma.

Bwana Edmund Lester Pearson, mtunza maktaba wa Marekani, alikuwa akiandika makala za kuchekesha juu ya kazi yake katika gazeti moja la Boston. Mwaka 1909 alitoa kitabu kidogo, akijifanya amekiokota katika maandiko ya kale. Ati kiliandikwa mwaka 1773 na mtunza maktaba mzee jina lake Jared Bean. Mzee huyo hakupata kuishi. Bwana Pearson alimtunga kichwani mwake.

Katika kitabu hicho mzee anawapa watunza vitabu mashauri yake. Asiyetimiza miaka ishirini asiingie maktabani. Wanawake watazamwe kwa mashaka. Kila ajaye aulizwe maswali mengi. Kwa ufupi, vitabu viko salama zaidi pasipo wasomaji. Watu walioelewa walicheka hata machozi. Lakini kumbe, baadhi ya magazeti yalikiandika kwa uzito kabisa, yakasadiki kwamba mzee yule alikuwako! Kwa nini walisadiki? Kwa sababu kila mmoja alikuwa amekwisha kukutana na mtunza vitabu wa namna hiyo.

Wewe nawe, msomaji, kama ungalikuja parokiani kwetu miaka michache iliyopita, ungalikutana naye. Jina lake si Jared Bean. Ni mimi.

Ungamo la karani

Nilipopewa ufunguo nilikuta vitabu 87 vimelundikana. Nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu, nikajua kidogo habari za Bwana Melvil Dewey, Mmarekani aliyetoa mwaka 1876 mpango wa kuvipa vitabu namba kwa kadiri ya mambo yaliyomo. Dini ina 200, upishi 641, kuku 636.5. Nikakata vikaratasi, nikabandika namba, nikavipanga vitabu wima kama askari. Nikanunua kufuli jipya. Loo! Nilijiona mtu.

Siku moja alikuja bibi mmoja wa kigango cha mbali, miguu ina vumbi.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mwanangu. Kuku wangu wanasinzia na kuanguka, Mwalimu. Nimesikia unacho kitabu cha kuku.”

Nilimtazama mikono. Alikuwa ametoka shambani. Nikatazama kitabu changu cheupe chenye namba yake nzuri. Nikamwambia, “Bibi, hivi vitabu ni vya kusomea hapa hapa, na leo ofisi nafunga.”

“Haya, mwanangu,” akasema, akarudi alikotoka.

Mwisho wa mwaka nikaandika hesabu yangu kwa mwandiko mzuri: Vitabu, 87. Vilivyopotea, hakuna. Vilivyochanika, hakuna. Nikampelekea Baba Paroko, nikangoja sifa. Akasoma, akavua miwani.

“Vizuri sana, Karani. Na vilivyosomwa?”

Nikanyamaza. Sikuwa na mstari wa jambo hilo katika hesabu yangu.

“Basi,” akasema taratibu, “mchwa nao hawakuvisoma. Wewe na mchwa mmekuwa sawa.”

Siku ile sikuweza kula. Nilifungua kabati, nikatoa kile kitabu cha kuku, nikakisoma mimi mwenyewe kwa mara ya kwanza. Nikakuta habari za ugonjwa wa mdondo, jinsi unavyomaliza kuku wa kijiji kizima, na jinsi chanjo inavyotiwa tone moja jichoni mwa kuku mzima, kila miezi mitatu, kabla ugonjwa haujafika. Nikachukua baiskeli nikaenda hadi kwa yule bibi. Banda lilikuwa tupu. Alikuwa na kuku kumi na tisa, na kwa kuku hao alikuwa akimnunulia mjukuu wake sare na daftari za shule. Siwezi kusema kwamba kitabu kingaliwaponya waliokwisha kuugua, maana dawa ya kuponya mdondo hakuna. Lakini kingalimwambia awatenge walio wazima, na jirani zake wangalipata onyo. Nilijua kuku wanakaa namba gani kabatini. Sikujua wa kijijini wanakufa kwa nini.

Bibi hakunigombeza. Alinipa kiti na maji ya kunywa. Nilimwachia kitabu. Mjukuu wake akamsomea jioni baada ya jioni. Kilirudi baada ya miezi miwili kikiwa na alama ya kidole chenye mafuta ukurasa wa chanjo, na kumbe kilikuwa kimepita nyumba saba. Siku hizi watu wa kigango hicho huchanga pamoja kununua chupa ya chanjo, maana chupa moja hutosha kuku wengi. Bibi ana kuku tena. Alama ile ya mafuta sikuifuta. Ndiyo nishani yangu.

Hazina ni watu

Baadaye nilisoma habari za Bwana S. R. Ranganathan wa Bara Hindi. Alikuwa mwalimu wa hesabu, na mwaka 1924 akapewa kutunza maktaba ya chuo kikuu cha Madras. Husimuliwa kwamba upweke wa maktaba ulimchosha hata siku za kwanza akaomba arudishwe darasani. Lakini alikaa, akaipenda kazi, na mwaka 1931 akatoa kanuni tano za maktaba zinazojulikana dunia nzima. Ya kwanza ni fupi hata mtoto aielewa: vitabu ni vya kutumiwa. Mtu mwenye akili nyingi namna ile, na neno lake la kwanza ni hilo! Siku inayohesabiwa kuwa ya kuzaliwa kwake, 12 Agosti, ndiyo sikukuu ya watunza maktaba huko Bara Hindi.

Jirani zetu wa Kenya waliishika kanuni hiyo kwa miguu ya wanyama. Mwaka 1996, huko Garissa, watu wa maktaba ya taifa waliona kwamba wafugaji wanaohamahama hawawezi kuja maktabani, basi wakavipakia vitabu katika masanduku, wakayafunga juu ya ngamia, wakachukua na hema ya kusomea, wakawafuata wasomaji huko huko nyikani. Ngamia hajui kusoma, lakini kwa kazi ya maktaba alinishinda mimi na cheti changu.

Nasi Wakatoliki tunaye msimamizi wa watunza vitabu, naye ni Mtakatifu Laurenti, shemasi wa Roma, aliyeuawa mwaka 258. Sikukuu yake ni tarehe 10 Agosti, siku mbili tu kabla ya ile ya Wahindi. Mapokeo husema kwamba mtawala alimwamuru alete hazina za Kanisa. Laurenti akawakusanya maskini, vilema na wajane, akasema hao ndio hazina. Na alipowekwa juu ya moto, husimuliwa kwamba aliwatania wauaji wake wamgeuze, kwa kuwa upande mmoja umekwisha kuiva. Kumbe msimamizi wetu alijua mambo mawili pamoja: hazina ni watu, na mcheshi si lazima awe mpumbavu.

Ndiyo maana nasema, msomaji, kujicheka katika kazi si dharau ya kazi. Anayejicheka huona kosa lake kabla halijazaa mizizi. Tena kicheko humpa moyo mtu ambaye kazi yake haionekani: mpiga kengele, mfagia kanisa, mama anayeosha vyombo watu wote wakiisha kulala. Na wajisifu kidogo; si dhambi, kama sifa ina mwenzake aliyefaidika.

Mimi nami nitajisifu. Hii ndiyo hesabu yangu ya mwaka jana: Vitabu, 83. Vilivyopotea, vinne. Vilivyochanika, tisa. Vilivyosomwa, vyote isipokuwa kimoja, na hicho kimoja ni cha kanuni za kutunza kabati. Baba Paroko aliposoma alicheka, akatia sahihi.

Ofisi hufunguliwa kila Jumapili baada ya Misa ya pili. Njoo na mikono yako ilivyo. Maji na sabuni viko mlangoni. Nawe uliye na kimoja kati ya vile vinne, kirudishe bila woga. Sitakuuliza kimekaa wapi. Nitakuuliza tu: kina nini ndani, na umemsomea nani?