Ganzi ya vidole: namna ya kukinga vifundo vya mikono kazini

Mjini Gisenyi, wilayani Rubavu, mawakala wa Irembo, mfumo wa Serikali ya Rwanda wa kutolea huduma kwa intaneti, huwajazia wananchi maombi ya vyeti na vibali kwa kompyuta. Foleni ikirefuka, ni rahisi kusahau kupumzika, na kifundo cha mkono ndicho kinachoumia.

Ndani ya kifundo hicho mna njia nyembamba ambamo hupita kano 9 na mshipa mmoja wa fahamu. Mkono ukipinda kwa muda mrefu huku vidole vikirudia mwendo uleule, mshipa huo huweza kubanwa. Dalili zake ni ganzi katika kidole gumba, cha shahada na cha kati, hasa usiku.

Kinga yake haina gharama kubwa. Kibodi iwe kwenye kimo cha viwiko, vifundo vinyooke, na mikono ipumzishwe dakika chache kila nusu saa. Meza ikiwa juu mno, mto uwekwe kitini.

Ganzi isipokoma, au vitu vikianza kumponyoka mtu mkononi, aende kituo cha afya mapema: mshipa uliobanwa kwa muda mrefu huenda usipone kabisa.