Uchovu wa Chuma Ndani ya Maji

Mwanafunzi wa Kizimbani, Unguja, akiukunja na kuukunjua waya mara nyingi, hatimaye waya hukatika, ingawa mkunjo mmoja haukuweza kuukata. Huo ndio uchovu wa metali. Waya uliolazwa wiki kadhaa katika maji ya bahari aghalabu hukatika mapema zaidi, kwani vishimo vya kutu huwa vyanzo vya nyufa.

Je, chuma kisichoshika kutu kimesalimika? La. Kromiamu iliyomo, isiyopungua asilimia 10.5, hujenga utando mwembamba wa oksidi unaokikinga. Lakini kwenye ncha ya ufa kila mvuto huupasua utando huo. Maji huigusa metali tupu, utando mpya hujengeka, kisha hupasuka tena. Ndipo ufa husonga mbele.

Katika vinu vya umeme wa nyuklia maji hukaribia nyuzi 300 za Sentigredi. Majaribio ya maabara yameonyesha kuwa humo chuma hicho hustahimili mivuto michache mno kuliko kikiwa hewani. Tena, mvuto wa polepole hudhuru zaidi kuliko wa haraka, kwa kuwa huyapa maji muda wa kufanya kazi yake.

Mwaka 1998, huko Civaux, Ufaransa, bomba la chuma cha aina hiyo lilivuja baada ya miezi michache tu ya kazi. Maji ya moto na ya baridi yaliyochanganyikana yalikuwa yakiutanua na kuusinyaza ukuta wake hata ukachoka.

Basi haitoshi kuuliza chuma kina nguvu gani. Hapana budi kuuliza pia kinavutwa mara ngapi, kwa upesi gani, na ndani ya maji gani. Swali hilo laihusu hata shafti ya rafadha ya mashua zetu.