Mwalimu anayekataza wizi wa mtihani aanze na tarakilishi yake

KWA muda wa miaka mingi nimesimama mbele ya wanafunzi wangu hapa Rabai nikiwaonya dhidi ya wizi wa mtihani. Nimewaambia kwamba anayenakili jibu la mwenzake hujidhulumu mwenyewe, na kwamba njia ya mwongo ni fupi. Kumbe muda huo wote maswali ya mitihani yenyewe nilikuwa nikiyaandika kwa mali ya wizi.

Mnamo mwaka wa 2021 nilinunua kipakatalishi kilichokwisha kutumika katika duka moja mjini Mombasa. Muuzaji aliniambia kwamba kila kitu kimo ndani, na mimi sikuuliza kimeingiaje. Windows ilifanya kazi vyema hadi muhula wa pili wa mwaka wa 2023, ndipo maandishi yakaanza kujitokeza kwenye pembe ya kioo yakinitaka niithibitishe. Badala ya kutafuta leseni, nilitafuta kwenye intaneti kijiprogramu cha kuyanyamazisha. Kijiprogramu hicho kilikuwa na sharti moja: nizime kwanza kinga ya virusi. Nami, msomi mzima, nikaizima kwa mkono wangu mwenyewe.

Asubuhi ya pili yake hakuna faili iliyofunguka. Alama za wanafunzi za miaka mitatu, maazimio ya kazi na karatasi za mtihani wa majaribio wa Kidato cha Nne, vyote vilikuwa vimefungwa kwa kufuli nisiyokuwa na ufunguo wake. Ndani ya kila folda paliachwa barua ya kunidai dola 980, nikilipa kabla ya saa 72 kuisha nipunguziwe hadi 490. Baadaye nilikuja kuelewa kwamba hii ndiyo desturi ya kirusi kiitwacho STOP/Djvu, ambacho huenezwa hasa kupitia programu zilizovunjwa kufuli. Waliokitunga wanafahamu vyema kwamba mtu anayetafuta cha bure hufungua mlango mwenyewe.

Sikulipa. Nilifungua kabati la majira ya ofisini, nikatoa orodha za alama zilizochapishwa kwenye karatasi, nikazinakili upya kwa usiku kumi na moja. Nyingine hazikupatikana kamwe. Msichana mmoja wa Kidato cha Nne alikuja kuniuliza alama zake za mwaka uliotangulia, kwani alizihitaji kwa ombi la msaada wa karo. Nikamweleza yaliyotukia. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kwa adabu: "Kwa hivyo, Mwalimu, programu ile nayo ilikuwa imeibwa?" Nilimjibu, "Ndiyo, mwanangu." Sijawahi kutoa jibu fupi lililonielemea kiasi hicho.

Wako watakaosema kwamba hili ni jambo dogo. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka wa 2001 hailioni hivyo. Katika sheria hiyo programu ya tarakilishi imeorodheshwa miongoni mwa kazi za uandishi, pamoja na riwaya, tamthilia, kamusi, insha na hata mahubiri. Kwa hiyo mwalimu anayekasirika kuona kitabu cha fasihi kikitolewa nakala jalada hadi jalada, ilhali anatumia mfumo ulioibwa, anagombana na kivuli chake mwenyewe.

Sisi wa Rabai tuna sababu zaidi ya kulielewa jambo hili. Hapa ndipo Johann Ludwig Krapf alipofungua kituo chake cha misheni mwaka wa 1846, na kazi yake ya kukusanya maneno ya Kiswahili ikazaa kamusi iliyochapishwa London mwaka wa 1882. Maneno yalikuwa mali ya watu wa pwani. Hakuna awezaye kuyawekea bei. Lakini kuyakusanya, kuyapanga na kuyafafanua kulikuwa ni jasho. Programu nayo iko hivyo. Hesabu inayoiendesha ni ya walimwengu wote, ila kuna mtu aliyekesha akiipanga.

Aidha, kwetu si ajabu shamba kuwa la huyu na mnazi uliomo kuwa wa yule. Mgema anayepatana na mwenye mnazi hupata haki ya kugema. Mti haugeuki kuwa wake. Leseni ya programu ni mapatano ya namna hiyo hiyo. Unalipia haki ya kutumia, nayo programu inabaki kuwa ya mwenyewe. Anayepanda mnazi wa watu usiku sote twajua jina lake, hata akiwa ana kiu ya kweli.

Na kiu ipo, sikatai. Windows 11 ya matumizi ya nyumbani huuzwa Marekani kwa dola 139, yaani takriban Sh18,000. Kwa mwalimu mwenye watoto shuleni hizo si pesa za kuchezea, na bei iliyopangwa kwa mshahara wa ng'ambo huwa mzigo kwa mshahara wa Kilifi. Ugomvi wenyewe si mpya. Mnamo Februari 1976 Bill Gates, akiwa na umri wa miaka 20, aliandika barua ya wazi kuwalalamikia wapenzi wa tarakilishi waliokuwa wakinakili programu yake bila kulipa. Tangu siku hizo wako wanaouliza: tajiri kama huyu atapungukiwa na nini? Huenda asipungukiwe na kitu. Mimi ndiye niliyepungukiwa na alama za miaka mitatu.

Sasa nieleze nilivyotoka shimoni, maana huenda ikamfaa mwenzangu. Kijana mmoja niliyemfundisha zamani, ambaye wakati huo alikuwa akisoma katika Chuo Kikuu cha Pwani, alikuja kunisaidia. Nilimwambia nitajikusanya ninunue leseni, aiingize pale pale. Akatikisa kichwa. "Mwalimu," akasema, "ukiingiza leseni halali juu ya mfumo ulioharibiwa, ilani itaondoka lakini mdudu atabaki. Lazima tufute kila kitu, tuanze upya."

Akachukua diski ndogo ya gigabaiti nane, akaipakia Windows 10 kutoka kwa watengenezaji wenyewe, ambao huitoa bila malipo. Kinacholipiwa ni leseni. Akafuta, akaweka upya. Mashine ilipounganishwa na intaneti, ikajithibitisha yenyewe bila kuulizwa ufunguo wowote. Nikapigwa na butwaa.

Maelezo yake yalikuwa mepesi. Tangu Windows 8 ilipotoka mwaka wa 2012, makampuni mengi hupachika ufunguo wa leseni ndani ya ubao mkuu wa mashine tangu kiwandani. Kipakatalishi changu kilizaliwa na leseni ya toleo la nyumbani. Aliyekifanyia ukarabati alibandika juu yake toleo la kitaalamu la wizi, ambalo leseni ile haikulihusu. Nakala halali niliyodhani siwezi kuimudu ilikwisha kulipiwa kabla sijakinunua! Kwa miaka miwili nilikuwa nikiiba nilichokuwa nacho.

Si kila mashine yenye bahati hiyo. Tarakilishi nne kuukuu za chumba cha walimu hazikuwa na leseni ya kufaa. Hizo tuliziwekea Ubuntu, mfumo ulioanzishwa mwaka wa 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini juu ya kazi aliyoianza Linus Torvalds wa Ufini mwaka wa 1991. Leseni yake yenyewe hukuruhusu unakili na umgawie jirani. Jina lake si geni kwetu, maana ubuntu ndio utu. Wala Waswahili hawakuwa watazamaji tu katika harakati hizo: mwaka huo huo wa 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizozungumza Kiswahili.

Nisiwadanganye wasomaji kwamba mambo yalikuwa mteremko. Walimu walinung'unika, majedwali mengine yalipinda yalipofunguliwa, na programu moja ya ratiba ilikataa kabisa kufanya kazi. Iliwachukua karibu muhula mzima kuzoea.

Windows 10 ilikoma kupata matengenezo ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Kipakatalishi changu kilikidhi masharti ya Windows 11, na kwa kuwa leseni ilikuwa halali kikapandishwa daraja bila senti. Mashine nyingi za zamani hazikidhi masharti hayo, na nachelea kwamba mafundi wa vichochoroni watapata soko jipya. Kabla ya kuwaendea, mwalimu mwenzangu, itazame kwanza mashine yako: huenda leseni imo ndani. Ikikosekana, liko la bure lililo halali. Na weka nakala ya kazi zako mahali pengine, hata kama ni karatasi kabatini.

Yule msichana aliandikiwa barua ya kueleza alama zilikopotelea. Niliiandika mwenyewe, na sikuficha sababu.