Nyota Auzwe, Mrithi Akiwa Ndani

Agosti 2021 Simba ya Dar es Salaam iliuza nyota wawili kwa mpigo: Clatous Chama kwa RS Berkane ya Morocco, na Luis Miquissone kwa Al Ahly ya Misri. Simba ilikuwa imetoka kutwaa ubingwa wa Tanzania mara nne mfululizo. Msimu uliofuata mtani wake, Yanga, ikabeba kombe bila kufungwa mechi hata moja, na ikalibeba tena misimu mitatu iliyofuata. Tangu hapo, klabu yoyote ya pwani yetu ya Kenya ikitaka kumuuza mchezaji wake bora ilete vijana wa mshahara mdogo, mashabiki huitupia jina la Simba wakaona kesi imekwisha. Kesi haijaisha. Simba haikuangushwa na mauzo yale. Iliangushwa na kuuza kabla warithi hawajazoea jezi, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama biashara hii italipa au italiza.

Tazama kwanza bidhaa yenyewe. Mchezaji ni mali ya ajabu: thamani yake hupungua kila siku ya mkataba inayopita, hata akifunga kila wiki, kwa sababu mkataba ukiisha anaondoka bila klabu kulipwa ada ya uhamisho. Chama alikuwa na miaka 30 alipouzwa. Miquissone alikuwa na 26, na miezi michache kabla alikuwa ameifunga Al Ahly hiyohiyo bao pekee la ushindi wa Simba katika Ligi ya Mabingwa Afrika, kwa hiyo bei yake ilikuwa kileleni. Misri hakung'ara, akapelekwa Abha ya Saudi Arabia kwa mkopo, na 2023 akarudi Simba. Hasara ya kushuka kwake iliangukia mnunuzi. Chama naye alirudi Simba Januari 2022, lakini mwaka 2024 mkataba wake ulipokwisha alivuka barabara akaenda Yanga. Mchezaji ni yuleyule, kaondoka klabu ileile mara mbili: mara ya kwanza kaacha fedha, mara ya pili kaacha pengo na kumtajirisha mtani. Anayelaumu mauzo ya 2021 aeleze pia hayo ya 2024.

Lililoharibika ni ratiba. Wawili waliokuwa wakitengeneza mabao waliondoka pamoja, wiki chache kabla ya ligi kuanza, na waliokuja kujaza nafasi waliingia katika dirisha hilohilo la usajili. Si kwamba walikuwa wabovu. Pape Ousmane Sakho, kijana wa Senegal aliyesajiliwa wakati huo, aliifunga ASEC Mimosas bao ambalo CAF ililitangaza kuwa bora la mwaka 2022, na mwaka uliofuata akauzwa Ufaransa. Kama biashara, huyo ni mfano wa kufundishia. Lakini kijana huhitaji msimu mzima kuzoea, na ligi haimsubiri mtu.

Yanga walifanya kinyume. Fiston Mayele alikuwa amefunga mabao 17 ya ligi msimu wa 2022/23, na mengine saba katika Kombe la Shirikisho Afrika, ambako klabu ilifika fainali. Msimu ulipokwisha wakamuuza Pyramids ya Misri. Kilio kilikuwa kikubwa, ila Stephane Aziz Ki alikuwa amekwisha kukaa mwaka mzima kikosini, na ndiye aliyefunga mabao 21 msimu uliofuata. Yanga wakachukua ubingwa na kufika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa, wakatolewa na Mamelodi Sundowns kwa penalti tu. Mwaka 2025 Aziz Ki mwenyewe akauzwa Wydad Casablanca. Wenye mashamba ya minazi huku Kilifi wanaijua kazi hii: mche hutiwa ardhini wakati mnazi mkongwe bado unazaa.

Kuna pingamizi zito zaidi, kwamba vijana ni bahati nasibu. Ni kweli, na mfano mzuri unatoka mbali, kwenye besiboli ya Marekani, ambako kwa kawaida klabu hubadilishana wachezaji badala ya kuuziana kwa fedha. Desemba 2016 Chicago White Sox ilimtoa mrushaji wake bora, Chris Sale, kwa Boston Red Sox, ikapokea vijana wanne, akiwamo Yoan Moncada na Michael Kopech. Boston ikawa bingwa 2018. Chicago iliongoza kundi lake 2021, kisha 2024 ikapoteza mechi 121, nyingi kuliko timu yoyote ya ligi kuu ya huko tangu mwaka 1900. Vijana walikuwa na vipaji. Usimamizi baada yao ndio uliokosekana. Kwa hiyo nakubali kwamba kubadilisha nyota kwa chipukizi hakununui kombe. Kunanunua muda, na muda unaweza kupotezwa kama kitu kingine chochote.

Wapo watakaosema bila nyota hakuna mashabiki mlangoni wala wadhamini. Kwa Tanzania hoja hiyo ina uzito, kwani ligi ina mkataba wa Azam TV wa miaka kumi wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6 za huko, na nyota ni sehemu ya kinachouzwa. Kenya mambo ni mengine. Kampuni ya kamari ya SportPesa ilipoondoa udhamini wake 2019, klabu nyingi zilibaki na mali moja tu ya kuuzika, nayo ni wachezaji. Hata kabla ya hapo, Michael Olunga aliondoka Gor Mahia akaenda Djurgården ya Sweden mapema 2016, na 2020 akawa mchezaji bora wa ligi kuu ya Japani kwa mabao 28. Mombasa, Bandari ilimaliza ya pili ligini 2018 na 2019 na kutwaa kombe la Shield, kisha kipa wake Farouk Shikhalo akaenda Yanga. Klabu ya ukubwa huo haiwezi kuwazuia watu wake. Inachoweza kuchagua ni saa ya kuachia.

Na hapo ndipo hesabu inafika hadi viwanja vya Kikambala, Takaungu na Malindi, huku Kilifi. Kanuni za FIFA hutenga asilimia 5 ya ada ya uhamisho wa kimataifa kwa klabu zilizomlea mchezaji kuanzia miaka 12 hadi 23: asilimia 0.25 kwa kila msimu wa miaka 12 hadi 15, na 0.5 kwa kila msimu baada ya hapo. Tuseme kijana aliyelelewa Kikambala misimu hiyo minne ya mwanzo anauzwa nje kwa shilingi milioni 40. Klabu yake ya kijijini inadai 400,000, fedha za mipira, viatu na nauli za msimu. Akiondoka mkataba umekwisha, hakuna ada, hakuna mgao. Akihama kutoka klabu moja ya Kenya kwenda nyingine, pia hakuna. Na kama alicheza mashindano ya mtaani tu bila kusajiliwa na shirikisho, miaka yake ya Kikambala haimo kwenye rekodi, na klabu ya kijijini haina cha kudai.